Siku Breki Alipopimwa Wasiwasi

Kijiwe cha Dongobesh kiko ukutani pa mashine ya kusaga, mkono wa kushoto ukitoka stendi. Benchi lake ni gogo la mkaratusi lililochongwa upande mmoja. Mbele yake kuna jiko la mkaa, birika, na Gaudensia, anayeuza kahawa na kashata kuanzia alfajiri mpaka birika likauke. Waliokaa asubuhi hiyo walikuwa watatu. Kulia alikaa Yoakimu, dalali wa ng'ombe, ambaye watu humwita Mnada hata kanisani. Kushoto alikaa Onesphory, mwenye kibanda cha kutengeneza na kuchaji simu. Huyo ni Chaji. Katikati alikaa Tluway, mkulima wa vitunguu saumu, aliyepewa jina la Breki kwa sababu ubishi ukishika kasi, yeye ndiye huusimamisha. Lakini asubuhi hiyo Breki hakuwa na neno. Kikombe kilikuwa mkononi, kahawa haijapungua, na macho yake yalikuwa kwenye njia ya godauni la zamani la ushirika.

Kwenye godauni hilo ndiko watafiti wa chuo kikuu walikokaa wiki nzima wakipima wasiwasi. Hawakuja na sindano wala mashine ya presha. Walikuja na karatasi yenye picha ya mtu, mbele na nyuma, pamoja na kalamu nyekundu: unapaka pale ambapo mwili wako hukuambia kwamba una hofu. Kisha unapewa kikombe na maharage, unatia punje kwa kadiri ya uzito wa jambo lenyewe. Jana ilikuwa zamu ya watu wa kijiwe.

– Kwa hiyo jana ulikuwepo au hukuwepo? Chaji aliuliza.

– Nilikuwepo, Breki alisema.

– Kishikwambi chao kimeandika hukuwepo. Nimekiona kwa macho yangu, walikuja kukichaji kwangu.

– Kishikwambi hakikukaa karibu yangu.

– Mimi nilikaa karibu yake, Mnada alisema. Alikuwepo. Nilimsukuma kwa kiwiko mpaka kiwiko kikachoka.

Kilichotokea kila mtu alikiona. Aliyesimama mlangoni kuita majina alikuwa Violeth, mke wa Gerald, na Gerald ni mtoto wa Tluway. Violeth ni binti wa Kibarbaig kutoka Hanang, upande wa Mogitu, na kwao mke hataji jina la baba mkwe. Hataji mbele za watu, hataji akiwa peke yake shambani, na neno linalolikaribia jina hilo hulizunguka kama mtu anayezunguka kaburi. Watu wa chuo walimpa kazi kwa sababu anajua Kibarbaig, Kiiraqw na Kiswahili. La majina hawakumwuliza. Basi akawa anasoma orodha vizuri, jina kwa jina, mpaka alipofika kwa Tluway. Akanyamaza. Akatazama chini. Watu wakangoja. Kisha akasoma jina lililofuata.

Tluway angeweza kusimama. Alishakunja miguu tayari. Lakini kusimama bila kuitwa ni kuutangazia ukumbi kwamba una jambo.

Na jambo alikuwa nalo. Gerald alikwenda Mirerani kuchimba mawe ya tanzanaiti, na simu yake ya mwisho ilikuwa ya Pasaka. Tangu hapo namba haipatikani. Kijiweni akiulizwa, Tluway hujibu kwamba Gerald hajambo, kisha hugeuza maneno kwenye mvua. Usiku, kitu humshika kifuani akaamka akakaa kitandani, akivuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Aliposikia kwamba wenye wasiwasi mzito wataandikiwa kumwona daktari wa mambo hayo, atakayekuja mwisho wa mwezi, alijipanga. Angelisema jambo hilo mara moja tu, kwa mgeni ambaye angepanda gari akaondoka nalo. Sasa wageni walikuwa wameshaondoka alfajiri kwenda Masieda. Aliyebaki godauni akimalizia karatasi ni Violeth, na adhuhuri gari lingerudi kumchukua.

– Umepona, Mnada akamwambia. Mimi waliniuliza mpaka nikahisi nimeiba.

– Ulipaka wapi? Chaji akauliza.

– Sikupaka kwenye mtu. Nilichora ng'ombe pembeni, nikampaka tumboni.

Gaudensia aliacha kupepea mkaa.

– Yoakimu. Umechora ng'ombe kwenye karatasi ya chuo?

– Waliniuliza wasiwasi wangu uko wapi. Wangu uko zizini. Yule mama wa chuo akasema lazima uwe ndani ya mwili. Nikamwambia umo ndani ya mwili, ila mwili si wangu.

– Akasemaje?

– Akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi, akaandika kitu kirefu. Nadhani nimewasaidia.

– Mimi nilipaka yote, Chaji alisema.

– Yote ipi?

– Mtu mzima. Mbele na nyuma, bila kutoka nje ya mstari. Nilidhani kuna maksi.

– Na maharage?

– Maharage usiniulize. Mtaa wa juu walijaza kikombe lumbesa, juu kupita mdomo, walidhani ni kama mbegu za ruzuku, mwenye shida zaidi ndiye anayeongezwa. Mtaa wa chini wakatia punje moja moja.

– Hao wa chini ndio wenye akili, Mnada akasema. Ng'ombe wako akikohoa, humpeleki mnadani ukaanza kutangaza kikohozi. Lakini nao wa juu siwalaumu. Haba na haba hujaza kibaba.

– Hiyo ni ya kuweka akiba, Gaudensia alimwambia.

– Na wasiwasi si akiba? Uweke leo, hutakosa siku ya kuutumia.

– Wewe mama ulipaka wapi? Chaji akamwuliza Gaudensia.

– Mabegani. Halafu wakanipa maharage, nikayatazama, nikakumbuka sijaloweka ya mchana. Nikawauliza wameyanunua wapi. Yalikuwa maharage mazuri.

Breki alitabasamu kidogo. Mnada aliliona tabasamu hilo, akapata nguvu. Kumchekesha Breki ilikuwa kazi yake kwa miaka mingi, na hakuna aliyemtuma.

– Tatizo la chuo, Mnada alisema, ni kwamba wanauliza. Wasiwasi hauulizwi, unashikwa. Mimi ng'ombe simwulizi kitu. Namshika sikio. Sikio likiwa la baridi, mnyama huyo hayuko sawa, hata kama anatafuna. Lete sikio, Chaji.

– Niache.

– Lete. Mficha uchi hazai.

– Hapa nani anazaa? Gaudensia aliuliza.

Mnada alishamshika Chaji sikio. Akalishika na la kwake. Akanyoosha mkono akashika la mzee aliyekuwa anapita na debe la mahindi kuelekea mashineni, kwa heshima, baada ya shikamoo.

– La baridi. La baridi. La baridi. Mnaona?

– Ni mwezi wa saba, Gaudensia akasema. Dongobesh mwezi wa saba hata sufuria ina masikio ya baridi.

– Basi wilaya nzima ina wasiwasi. Andika.

Chaji alikaa sawa. Sasa zamu yake ilikuwa imefika, na zamu ya Chaji huanza kwa kufuta miwani.

– Ngojeni niwaeleze kitaalamu. Mwili ni simu. Simu ikiwa karibu na mnara inatulia, chaji inakaa siku tatu. Ipeleke bondeni, ambako mtandao haupo. Utaiona inapata moto mfukoni. Hujaigusa, hujaongea nayo, lakini inapata moto na chaji inakwisha. Kwa nini? Inatafuta. Inatafuta mnara usioitika. Mtu mwenye wasiwasi ni hivyo. Ukimwona amekaa tu, usidhani amepumzika. Anatafuta.

Breki aliweka kikombe kwenye gogo. Maneno ya Chaji yalikuwa yamepita karibu mno, na aliogopa kwamba akifungua mdomo yatageuka yarudi.

– Sasa huo wasiwasi unatokea wapi ukitaka kutoka? Mnada akauliza.

– Kwenye nyayo, kama umeme. Unashuka unaingia ardhini. Ndiyo maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wasiwasi ukishuka kwa fujo unavunja kitu njiani. Na hapo ndipo katambuga zinapoharibu.

– Katambuga zimefanya nini? Gaudensia aliuliza, akitazama miguu ya Mnada, iliyokuwa ndani ya katambuga.

– Ni tairi. Tairi halipitishi umeme. Ukivaa katambuga, wasiwasi unashuka mpaka kisiginoni, unakuta tairi, unarudi juu kichwani. Watazame Wabarbaig. Katambuga maisha yao yote. Wanatembea kutoka Hanang mpaka Singida na ng'ombe. Mnadhani wanafuata majani?

– Wanafuata nini?

– Wanautafutia pa kutokea.

– Mwambie hivyo baba yake Violeth akija, Gaudensia alisema. Ana fimbo, atakusaidia kuutoa wako.

Mnada alivua katambuga moja, akakanyaga vumbi kwa unyayo mtupu, akasikiliza.

– Sisikii kitu, akasema. Labda wangu umechelewa. Sikilizeni. Hii ya Chaji ni nzuri lakini haina kipimo, na mali bila kipimo ni uchawi. Kipimo ninacho mimi.

Akatoa mfukoni utepe wa kupimia ng'ombe, ule unaouzungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, upande mmoja umeandikwa sentimita na upande wa pili kilo. Alieleza kwamba hofu hujaza kifua, kila mfugaji anajua, ng'ombe akiona chui kifua hupanuka. Basi unamfunga mtu utepe, unamtajia jambo, unasoma. Alianza na Chaji.

– Mkeo amekuja kibandani, amekuta umefunga, na amesikia uko kwa Gaudensia.

Utepe ukapanda.

– Mmeona? Kilo nne kwa neno moja. Damu nzito kuliko maji, ndiyo maana moyo wa mtu mwenye ndugu wengi unachoka kuisukuma. Chaji, wewe ni kilo mia moja themanini na nne. Dume la kulimia. Breki, inua mikono.

Tluway aliinua mikono kwa sababu kukataa kungeleta maswali. Utepe ulizunguka ukapita juu kidogo ya chembe ya moyo, mahali penyewe, kama vile Mnada alikuwa ameonyeshwa. Alijikaza.

– Vitunguu vimeshuka bei, Mnada akasema.

Utepe haukusogea.

– Mvua imekataa. Panya wameingia stoo. Padri anataka umsimamie ujenzi.

– Huyu hana wasiwasi, Chaji alisema. Huyu ni breki kweli. Hebu mtajie jambo jema, tuone kama utepe utashuka. Breki: Gerald.

Utepe ulikaza mkononi mwa Mnada. Ulikaza ghafla, ukabaki hapo hapo, bila kushuka, kwa sababu kifua kilikuwa kimejaa na kimesahau kutoa pumzi. Mnada alimtazama Tluway usoni, karibu sana, kwa muda ambao dalali humtazama mnyama anayemjua. Kisha akaufungua utepe, akaukunja bila kusoma namba.

– Utepe wenyewe umechakaa, akasema. Gaudensia, mwongezee Breki kahawa.

– Hajanywa hii.

– Mwongezee ya moto.

Gaudensia alikuwa anamimina Violeth alipotokea upande wa godauni, mkoba begani, kishikwambi mkononi, kanga imefungwa juu ya sketi ya kazi. Hakuja moja kwa moja. Alizunguka nyuma ya jiko, akasimama nyuma ya Gaudensia, uso akiwa ameuelekeza stendi.

– Shikamooni, baba zangu.

– Marahaba, mwanangu, walijibu wote watatu. Tluway alijibu akikitazama kikombe.

– Mama, Violeth alimwambia Gaudensia, jana kuna mtu sikumwita. Kosa ni langu. Nimewaeleza wakubwa, wamesema nikimpata kabla gari halijarudi, nimwandike.

– Mtu gani huyo? Chaji aliuliza, na alikuwa anajua.

– Yule aliyekaa kati ya mzee Yoakimu na mzee Onesphory.

Mnada alitazama kulia kwake, akatazama kushoto kwake.

– Kati yetu mimi namwona Breki tu.

– Huyo huyo.

– Sasa si ungeita Breki tu jana?

– Haikuandikwa Breki, baba. Walisema nisome kilichoandikwa.

– Gaudensia, Tluway alisema, mwambie mtoto asihangaike. Mimi sijambo.

– Baba yako anasema hajambo.

– Nimesikia, mama. Mwambie baba hilo ni jibu la salamu. Maswali bado.

Chaji alicheka kohoni. Tluway aligeuza kikombe, akakigeuza tena. Alijua adabu ya msichana huyu. Tangu aolewe hajawahi kumpitia mbele, hajawahi kumkabidhi kitu mkono kwa mkono, na uji wake humwekea juu ya jiwe, akarudi nyuma ndipo akohoe. Wengine pale mtaani waliona ni mambo ya kizamani. Tluway hakuona hivyo. Aliona mtu anayekulinda usimwonee aibu. Ila sasa adabu hiyo ilikuwa imesimama kati yake na kile kitu kilichokuwa kifuani, na hakujua aipitie wapi.

– Ila kuna kanuni, mama, Violeth aliendelea. Wanataka tuwe wawili tu, anayeuliza na anayejibu. Mtu wa tatu haruhusiwi kusikia.

Gaudensia aliweka birika chini.

– Wawili tu? Wewe na baba mkwe wako?

– Ndivyo kanuni inavyosema.

– Aliyeitunga ana wakwe kweli? Mnada aliuliza.

– Hapa mitandao imegongana, Chaji akasema. Kanuni ya chuo inasema wa tatu asiwepo. Kanuni ya nyumbani inasema wa tatu lazima awepo. Ukitii moja umeivunja nyingine.

– Mafahali wawili hawakai zizi moja, Mnada alisema.

– Tafuta methali inayosaidia, Gaudensia alimwambia.

– Hiyo inasaidia. Mmoja auzwe.

Wakapendekeza mambo. Chaji akasema wapigiane simu, mmoja akae kibandani na mwingine nyuma ya mashine. Mnada akasema yeye atajibu kwa niaba ya Breki, kwani ng'ombe huuzwa na dalali na hakuna anayelalamika kwamba ng'ombe mwenyewe hakuongea. Gaudensia akauliza mnunuzi akitaka kujua ng'ombe ana umri gani, dalali hujibu nini. Mnada akasema hujibu vizuri. Gaudensia akasema hilo ndilo tatizo.

– Kuna swali moja, Violeth alisema, ambalo si la baba. Ni la walio karibu naye. Hilo naweza kuuliza ninyi mkiwepo.

– Uliza, mwanangu, Chaji akasema, akifuta miwani.

Violeth alifungua kishikwambi, akasoma taratibu.

– Mtu huyu akiwa na wasiwasi, ninyi mnaokaa naye mnaona nini?

Chaji alifungua mdomo. Mashine ya kusaga ilizimwa wakati huo huo, na ukimya ulioingia ukamfanya aufunge. Alitazama vidole vyake. Walijua Breki hunywa kahawa bila sukari. Walijua goti lipi humsumbua mvua ikikaribia, na shamba lipi aligombea na shemeji yake mpaka wakapatana. Walimjua tangu walipokuwa wote vijana wa kucheza mpira uwanja wa shule. Chaji alitafuta siku moja, moja tu, aliyomwona Breki ana hofu, asiipate. Haiwezekani kwamba haikuwepo. Basi ilipita yeye akiwa anaongea.

Mnada alikuwa ameingiza mkono mfukoni, mahali ulipo utepe.

– Huyu huwa hana, Chaji alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

– Niandike hana?

Gaudensia alichukua kipepeo, akapepea mkaa uliokuwa unawaka vizuri bila msaada.

Mnada alisimama wa kwanza, akavaa katambuga yake.

– Nina ng'ombe wa kwenda kumwangalia.

– Leo si siku ya mnada, Chaji akamwambia.

– Ndiyo maana. Nataka nimwone akiwa nyumbani. Twende.

– Mimi nikafanye nini kwa ng'ombe?

– Ukamshike sikio.

Chaji alimtazama Mnada, akamtazama Breki, akaelewa nusu. Nusu ilitosha. Alisimama, akaweka mkono begani kwa Tluway, akauacha hapo muda kidogo kupita kawaida ya wanaume wa pale, kisha wakaondoka wote wawili kuelekea stendi, Mnada akiwa kimya, jambo ambalo hakuna aliyelizoea.

Gaudensia aliinua birika, akalitikisa.

– Kahawa imekwisha. Naenda kuchota maji.

Haikuwa imekwisha. Tluway aliisikia ikicheza ndani.

– Gaudensia, ukiondoka, katikati atakuwa nani?

– Jiko.

– Jiko?

– Halina mdomo na halina mtandao. Mama yangu mzazi alikuwa anaongea na baba mkwe wake kupitia mbwa. Mbwa alikufa mzee kabisa, na hao wawili hawakuwahi kukosana.

Akajitwika ndoo, akaenda.

Walibaki. Tluway alikuwa kwenye gogo, akiwa amegeukia ukuta wa mashine. Violeth alisimama upande wa pili, akitazama barabara, mahali ambapo watu wote wapitao waliweza kuwaona na hakuna ambaye angewasikia. Jiko lilikuwa katikati yao, mkaa ukitoa mlio mdogo. Violeth alikohoa kama anavyokohoa akishaweka uji juu ya jiwe.

– Jiko, alisema, mwulize baba: usiku analala?

Tluway alilitazama jiko. Kuanza kulikuwa kugumu, halafu hakukuwa kugumu.

– Mwambie mtoto analala mwanzoni. Halafu anaamka.

– Akiamka, mwili unamwambia nini?

– Unamshika hapa, alisema, akaweka mkono kifuani. Kisha akakumbuka kwamba Violeth hatazami. Kwa mgeni wa chuo kidole kingetosha. Kwa huyu ilibidi aseme kwa maneno.

– Jiko, mwambie ni kifuani. Si upande wa moyo. Katikati. Kama gunia limeshonwa mdomo na mimi nimo ndani.

Kalamu ilisikika ikipaka. Ilipaka kwa muda.

– Inakuja saa ngapi?

– Nikishajua kwamba siku hiyo simu haitaita.

Kalamu ilisimama. Violeth hakuuliza simu ya nani. Hata kama karatasi ilitaka, hakuuliza. Baadaye kidogo ikaendelea.

Aliweka kikombe na kimfuko cha maharage mwisho wa gogo, akarudi nyuma, akageuka. Tluway alivuta kikombe. Alitia punje moja moja, kwa utaratibu wa mtu anayepanda, bila haraka. Hakufanya lumbesa. Alifika mdomoni mwa kikombe, akasawazisha kwa kidole, akakirudisha alipokikuta.

Violeth alikitazama kikombe hicho kwa muda.

– Jiko, mwambie baba anaandikiwa kumwona daktari akija. Tarehe nitamwekea karatasi juu ya jiwe.

– Mwambie mtoto nitakwenda.

Alivuta pumzi, ikaingia mpaka chini. Haikuwa imepona, lakini iliingia. Akamsikia Violeth akifunga mkoba. Huko barabara ya Masieda gari lilikuwa halijaonekana.

– Jiko, Tluway akasema. Mwambie mtoto bado.

Mkoba ukaacha kufungwa.

– Mwulize karatasi yake mwenyewe aliijaza nani.

– Mwambie baba, Violeth alijibu, sisi tunaouliza hatuna karatasi.

Tluway alitikisa kichwa kuelekea ukutani. Usiku, akiwa amekaa kitandani na gunia lake kifuani, husikia komeo la nyumba ya pili, ya Gerald na Violeth, likifunguliwa polepole, kwa mkono usiotaka kuamsha watoto. Husikia mtu akitoka uani, akisimama pale penye mwinuko ambapo mtandao hushika, akikaa muda mrefu, kisha komeo tena. Hakuwahi kulitaja hilo. Baba mkwe hasikilizi milango.

– Basi jiko, alisema, mwulize mtoto swali lile la kwanza. Usiku analala?

Violeth alichomeka kalamu nyekundu kwenye mkoba, akauweka mkoba chini. Alivuta kigoda cha Gaudensia, akakigeuza ili ampe baba mkwe ubavu badala ya uso, kama inavyopasa, akakaa, akanyoosha mikono kwenye moto, na akaanza kuliambia jiko.